Kiti Kipo, Mwenyewe Aje

Mwanapili alimwita mwanawe mara moja tu, kutoka jikoni, na sauti iliyomjibu ilisema, "Naam."

Alisita na mwiko mkononi. Nyumbani kwake Mwanakwerekwe mtoto wa kike akiitwa huitika "Labeka." Naam ni ya wanaume, na mwanamme wa mwisho kuishi humo alikuwa baba yake Nadra, ambaye alishaoa Pemba akabaki huko na mapenzi yake. Lakini Nadra alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na watoto wa chuo huja na mambo.

"Umekuwa mwanamme siku hizi?" akapaza sauti. "Njoo uangalie chungu hiki, mimi nna nguo za watu za kushona."

Mlango wa nje ukafunguliwa na Nadra akaingia, ushungi umelowa mvua, begi begani.

"Mama, unasema na nani?"

"Na wewe. Si ulikuwa chumbani?"

"Ndo kwanza nnaingia."

Mwanapili akatazama mlango wa chumba cha binti yake. Pazia lilikuwa likicheza, na humo ndani mkitoka harufu ya marashi ya mawaridi, mbichi, kama mtu kayanyunyiza sasa hivi. Hapakuwa na chupa ya marashi katika nyumba ile. Alisimama kidogo. Kisha wali ukaanza kushika chini, akaurudia wali.

Siku hizo Nadra na wenzake walikuwa wakitunga mchezo wa nyimbo kwa ajili ya tamasha la wanafunzi wa vyuo vikuu. Ulikuwa mchezo mpya kabisa, na kila neno lake huimbwa. Mtunzi na mwongozaji wao alikuwa Mudrik, kijana mrefu wa mwaka wa tatu, babu zake wa bara, yeye mzaliwa wa hapa hapa mjini, mwenye akili nyingi na usingizi kidogo. Mchezo wenyewe ulihusu msichana wa Mji Mkongwe aliyeposwa na bwana anayeishi kisimani. Nadra ndiye alikuwa bibi harusi. Kila siku Mudrik alibadilisha kitu. Wimbo wa jana leo haumo, wa mwisho umekuwa wa mwanzo, na watoto wa watu wanarudi nyumbani wakisema peke yao njiani.

Tatizo lilikuwa bwana harusi. Kila kijana aliyepewa nafasi hiyo ilimshinda. Mmoja koo lilimkauka, sauti isirudi. Mwengine alisema akiimba anahisi mtu anamvuta pumzi kutoka kifuani. Akachukua begi lake na hakuonekana tena mazoezini. Basi Mudrik akaamua kutongoja mtu. Aliweka kiti kitupu katikati ya jukwaa, na nyimbo za bwana zikaachwa wazi: vyombo vinapigwa, hakuna anayeimba, halafu Nadra anakijibu kiti.

"Atapatikana tu," alimwambia Mwanapili alipokuja kumwagizia kanzu. "Wewe tushonee."

"Nimpime nani?"

"Kadiria, Bi Mwanapili."

"Mrefu? Mfupi? Ana tumbo?"

"Ni bwana wa kisimani. Mfanye wa kutisha."

"Futi yangu haipimi kutisha," alisema Mwanapili. Lakini aliishona, mikono mipana, ukosi uliotariziwa, kwa sababu mwanawe alikuwa mule.

Aliipeleka mwenyewe alasiri moja, mtaa wa Kajificheni, katika nyumba kongwe ambayo wanafunzi walipewa kufanyia mazoezi. Ukipita mlango mzito wa kuchonga unaingia uani, na uani kulikuwa na kisima kilichofunikwa mbao, na juu ya hizo mbao ndipo walipojenga jukwaa lao. Wanafunzi walikuwa wamesimama duara. Kiti kilikuwa katikati, cha mbao, cha kawaida, kama cha mkahawani.

"Jamani," aliita Mudrik, "kiti kipo?"

"Kiti kipo, mwenyewe aje!" wakaitikia wote kwa pamoja, kwa sauti nzuri za kupangwa, wakapiga makofi na kucheka.

Mwanapili alibaki mlangoni na kanzu yake mkononi. Yeye kazaliwa Makunduchi. Kwao, mtu anayepandwa na jini huitwa kiti cha jini huyo. Ndilo neno lenyewe, hakuna jengine. Bibi yake alikuwa kiti. Na hakuna mtu kwao aliyewahi kusema kiti kipo, mwenyewe aje, isipokuwa amekusudia.

Alimvuta kando Ulfat, msichana mnene mcheshi aliyecheza shangazi wa bibi harusi.

"Maneno hayo kawafundisha nani?"

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba. Nani?"

"Hakuna. Mudrik alisema siku moja kwa mzaha, tukacheka, ikawa ndo dua yetu ya kuanzia."

"Dua!"

"Si dua hasa. Unajua tena."

"Sijui. Kuanzia leo semeni kiti hakipo."

"Eee! Na tukisema hakipo, huyo bwana akija atakaa wapi?" Ulfat akacheka mpaka mabega yakatikisika. Halafu Mudrik akaja akaipokea kanzu, akaivisha mgongo wa kiti, akasema imependeza kweli, na mazoezi yakaanza.

Nadra aliimba. Alikuwa na sauti nyembamba, safi, isiyotetemeka, na mama yake hajawahi kumwambia kuwa ni nzuri kwa sababu hakutaka avimbe kichwa.

*Bwana umekawia, hina imeshakauka,*
*mlango sikuufunga, taa yangu nimewasha.*

Kisha ikaja nafasi ya bwana. Zeze likaendelea, kiti kikakaa kitupu. Na hapo Mwanapili akahisi masikio yamezibika, kama mtu aliyepiga mbizi. Feni iliyokuwa ikilia pembeni ilikuwa bado inazunguka lakini hailii. Njiwa wa darini midomo yao ilikuwa ikienda na hawasikiki. Nadra kainamisha kichwa upande, kama anayesikiliza, akatabasamu, akashusha macho kama mwari. Nafasi ilipokwisha, feni na njiwa na honi za barabarani vikarudi kwa mkupuo, na Nadra akajibu, kwa maneno ambayo hayakuwemo kwenye wimbo.

"Vizuri sana!" Mudrik akapiga kelele. "Hayo tuyabakishe!"

Baada ya siku hiyo mambo ya nyumbani yaliharibika kimyakimya. Nadra alianza kuoga mara kwa mara, hata tangi likakauka. Alisusa samaki, halafu kitunguu, halafu chochote kilichoshikwa na mkono wa mama yake.

"Bwana hapendi harufu," alisema.

"Bwana yupi? Humu ndani anayesuka kuti na kuziba bati ni mimi. Bwana gani huyo asiyeonekana wakati wa kubeba maji?"

Nadra alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto, akatoka. Kitandani kwake upande wa ukutani, ambako halali mtu, godoro lilikuwa limebonyea kwa urefu. Mwanapili aliligeuza, akalipiga kwa mkono, akatandika shuka safi. Aliporudi kuchukua ufagio lilikuwa limebonyea tena, na palipobonyea palikuwa na joto.

Kisha Nadra akaacha kusema. Alikuwa akiimba tu. Akitaka maji anaimba, akiulizwa kama kaswali anaimba, kwa mistari ya mchezo, akiunganisha huku na kule kupata maana. Na baadhi ya mistari ile Mudrik alishaikata zamani, hakuna mwengine aliyeikumbuka. Mama yake akimwita jina hageuki. Ilikuwa kama kuita nyumba ya jirani aliyehama.

Ulfat ndiye aliyeileta kanzu, ndani ya mfuko, kama anayeleta kitu cha wizi.

"Mudrik anasema imefumuka kwapani."

"Nani kaivaa?"

"Hakuna."

"Ulfat, mwanangu."

"Wallahi, Bi Mwanapili. Inakaa kwenye kiti. Hatumruhusu mtu kuivaa."

Mwanapili akaitandaza juu ya meza ya cherehani. Mishono ya kwapa ilikuwa imevutwa na mtu mwenye mabega makubwa kuliko alivyokadiria. Mgongoni kitambaa kilikwisha kulainika na kung'aa, kama cha mtu anayeegemea. Na ndani ya ukosi palikuwa na mstari wa jasho, wa manjano, wenye mafuta, na aliponusa, chini kabisa ya mawaridi kulikuwa na harufu ya maji yaliyokaa gizani miaka mingi bila kutekwa.

Ulfat hakuwa akicheka tena. "Bi Mwanapili," alinong'ona, "mimi sitaki kuendelea. Lakini nikikaa nyumbani, saa za mazoezi zikifika miguu inanipeleka."

Asubuhi yake Mwanapili alifunga duka lake la kushonea, akamchukua Nadra, akaenda naye Makunduchi kwa Bi Time.

Bi Time alikuwa fundi wa kupunga majini tangu ujana wake, na alikuwa mkulima wa mwani pia. Walimkuta ndiyo kwanza anatoka pwani, kanga zimelowa hadi magotini, simu inamlilia kiunoni na yeye haipokei. Hakutaka maelezo marefu. Alimkalisha Nadra mkekani, akatia ubani kwenye chetezo, akafunga dirisha. Chumba kikajaa moshi. Ubani ule haukunuka ubani, ulinuka mawaridi.

"Huyu ruhani, jini mwenye dini," Bi Time akasema, akakunja uso. "Assalamu alaykum, mgeni."

"Wa alaykumu ssalam," alijibu Nadra, na sauti ilikuwa ya kiume, ya pole, ya mtu aliyelelewa vizuri.

Mwanapili akashika ukuta.

"Kwa nini umemvamia mtoto wa watu?" aliuliza Bi Time.

"Sikuvamia. Nilikuwa kisimani mwangu. Wamekifunika mbao, hakuna aliyeniuliza hali, nikanyamaza. Wakaja hawa, wakasimama juu ya kichwa changu, wakaimba: kiti kipo, mwenyewe aje. Mara ya kwanza nilidhani si mimi. Waliporudia nikasogea. Walirudia kila siku, kwa furaha, na makofi. Ningekataaje?" Uso wa Nadra ukamgeukia mama yake, taratibu, na macho hayakupepesa. "Wakanishonea na nguo. Ahsante, bibi. Imenikaa. Kwapa tu zilikuwa zinabana."

Mdomo wa Mwanapili ulikuwa umezoea kubishana na wateja tangu alfajiri hadi magharibi, na ukafunguka wenyewe. "Muache huyu. Nichukue mimi."

Macho yale yakamtazama kuanzia miguuni, polepole, kama mtu anayechambua nguo za mtumba.

"Wewe umechoka, bibi," ilisema sauti, bila ubaya. "Mimi nimeposa. Siku ya tamasha, mbele ya watu, ataulizwa kama ameridhia, na ataridhia, na watu ndio mashahidi. Basi." Nadra akaanguka ubavu mkekani, akalala usingizi.

Nje, Bi Time alijimwagia maji usoni kutoka kwenye ndoo.

"Mfukuze," alisema Mwanapili.

"Aliyevamia hufukuzwa. Huyu kaalikwa. Ukimzuia mtoto asende, atamfuata nyumbani na huko hapana hata mtu wa kuona."

"Basi ndo tumpe?"

Bi Time alikuwa mwanamke mkali, na sasa alitazama pembeni. "Ruhani hasahau neno wala hapindui neno. Ameahidiwa kiti. Hawakusema kipya, hawakusema cha nani. Mtu akijitoa palepale ilipotolewa ahadi, kwa maneno yaleyale, kabla mtoto hajaridhia, ruhani hana la kusema. Atachukia, lakini atakaa."

"Na akishakaa?"

"Hatoki mpaka mmoja wenu afe, na yeye hafi. Sikushauri, Mwanapili. Nimejibu ulichouliza."

Mwanapili alimtafuta Mudrik siku hiyohiyo na kumweleza yote. Hakubisha hata kidogo. Midomo ilikuwa imempauka. Alisema alishajaribu kubadilisha yale maneno ya kuanzia, na kila akifungua mdomo yanatoka yaleyale. Akaapa kuwa ataikata sehemu yote ya harusi. Mchezo utakwisha bibi harusi anapofunga mlango. Akaifuta mbele ya macho ya Mwanapili, akawaambia wapigaji wote, na wote wakashukuru.

Tamasha lilifanyika alasiri, uani palepale, watu wamejaa hadi kwenye varanda za juu, walimu mbele, wanafunzi wa vyuo vyengine wakipiga picha. Mwanapili alikaa ubavuni mwa jukwaa na kasha lake la pini, kama mtu wa nguo. Mchezo ulikwenda vizuri. Watu walicheka kwa Ulfat, ingawa Ulfat mwenyewe jasho lilikuwa likimtiririka. Walinyamaza kwa Nadra. Kila ilipokuja nafasi ya bwana, watu walijikuna masikio na kutazamana.

Nadra akafunga mlango wa bandia. Ndio mwisho. Mudrik akainua mkono kuwasimamisha wapigaji.

Hawakusimama.

Mpiga zeze alikuwa akiitazama mikono yake kama si yake, na mikono ilikuwa ikipiga wimbo wa harusi, ule uliokatwa, na ngoma zikaingia mahali pake, na Nadra akageuka, akakiendea kiti kilichovaa kanzu, akapiga magoti mbele yake, na Ulfat, machozi yakimtoka, akafunguka mdomo na kuimba swali ambalo alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili asiliimbe, *mwanangu, umeridhia?*, mara ya kwanza, na Nadra akatabasamu, na mara ya pili, na kanzu pale kitini ikavuta pumzi, kifua kikapanda, na watu wakashangilia wakidhani ni ufundi, na kabla ya mara ya tatu Mwanapili alikwisha kuinuka, pini zimemwagika, hajui amepandaje, anasikia mtu nyuma akiuliza "na huyu nani tena?", na anaona mdomo wa mwanawe unajikusanya kutamka, na mawaridi yamemjaa puani hadi macho yanamwaka, na yeye anapita katikati yao, anakipa kiti mgongo, anawatazama watu, na kwa sauti yake ya kuitia wateja, isiyojua kuimba, anasema:

"Kiti kipo. Ni mimi. Mwenyewe aje."

Akakaa.

Hakukalia mbao. Alikalia mapaja. Yalikuwa magumu na ya joto ndani ya kitambaa alichokikata mwenyewe, na alihisi magoti yote mawili, na kifua mgongoni mwake, na pumzi ndefu shingoni, pumzi ya mtu aliyepewa asichokitaka na hana pa kukirudisha. Kisha mikono ikamzunguka kiunoni. Baridi ikaingia kwanza tumboni, ikapanda, ikamfika nyuma ya macho, ikatulia humo.

Zeze likakatika uzi.

"Mama?" alisema Nadra. Alisema, hakuimba. Alijitazama alivyopiga magoti, akawatazama watu. "Mama, kuna nini? Mbona umekaa hapo?"

"Simama, utachafua nguo," Mwanapili alimwambia.

Watu waliinuka wote, wakapiga makofi muda mrefu. Mwalimu mmoja wa mbele alifuta miwani. Mudrik hakuinama kupokea makofi. Alingoja hadi umati uanze kutawanyika, akapanda jukwaani, akamshika Mwanapili mkono amwinue, akashindwa. Akawaita wapigaji wawili. Walimshika kwapani, mwanamke mwembamba wa kushona nguo, wakavuta kwa pumzi moja, na aliposimama mbao za jukwaa zililia chini yake kama zimebeba gunia la mchele juu ya gunia. Nadra alikuja akamshika kiuno, akahisi mkono mwengine pale chini ya buibui, akautoa wake haraka, halafu akaurudisha.

Walimfikisha ukingoni, penye vidaraja vya kushukia uani. Mwanapili aliusogeza mguu mmoja mbele, ukabaki hewani, ukipapasa, kama mguu wa mtoto anayejifunza.

"Taratibuni," aliwaambia. "Huyu hajazoea ngazi."